Simba Mwenye Jina na Bibi Asiye na Jina



Mwezi uliopita nilipanda Nairobi kwa haja ya kifamilia, nikafikia kwa mwanangu mkubwa anayeishi Parklands. Nilisafiri na binti yangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 11. Siku ya Jumamosi, tulipomaliza swala ya adhuhuri, alinijia amekwisha kuvaa viatu, akaniambia, “Baba, uliniahidi makumbusho.” Ahadi ni deni, na mdai akiwa mtoto, halali mpaka alipwe. Tukashuka hadi Museum Hill, kile kilima kilicho baina ya Westlands na katikati ya jiji, ambapo siku hizi barabara ya juu kwa juu inapita na kishindo chake, na mtu wa pwani akivuka chini yake hana budi kuisoma dua ya safari mara ya pili.

Nyumba ile ya makumbusho ilifunguliwa mwaka 1930, ikijulikana kwa jina la Coryndon Museum. Mtoto alifurahi sana alipoliona sanamu la Ahmed, ndovu wa Marsabit, aliyekuwa na pembe ndefu hata Rais Jomo Kenyatta akaamuru alindwe, na akalindwa mpaka alipokufa mwaka 1974. “Baba, hata ndovu ana jina la Kiislamu!” Nikacheka. Sikujua kwamba neno lile lingenirudia kabla ya saa moja kupita.

Tulipoingia kwenye michoro ya Bibi Joy Adamson, binti yangu alipunguza mwendo. Ni michoro ya watu wa makabila ya Kenya, wazee kwa vijana, waume kwa wake, kila mmoja na mapambo yake: shanga, pete za masikio, ngozi, vilemba, vitambaa. Mkono uliochora ulikuwa hodari, hilo halina shaka. Ukitazama ushanga unaweza kuuhesabu. Mtoto akasimama mbele ya uso mmoja, akasoma maandishi, kisha akanigeukia. “Hapa wameandika kabila lake. Yeye mwenyewe aliitwa nani?”

Sikuwa na jawabu.

Sitaki ieleweke kwamba nawalaumu walioitunza michoro ile. Wao wamehifadhi walichokipokea, na wamekihifadhi vizuri. Lakini swali la mtoto lilinifuata hadi kitandani, na niliporejea Mombasa nilikwenda kukitafuta kitabu cha bibi huyo kilichoanza kunizungukia akilini. Si kile cha michoro ya watu. Ni kile cha picha za kamera, cha simba.

Joy Adamson alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na ndiye aliyempa jina la Joy na kumtia moyo wa kuchora maua. Akachora maua ya nchi hii kwa mamia, hata mwaka 1947 jumuiya ya kifalme ya wakulima wa bustani huko Uingereza ikamtunuku nishani ya dhahabu. Baadaye serikali ya kikoloni ikamwajiri achore watu. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mavazi na mapambo ya kale yanatoweka, basi yawekwe katika rangi kabla hayajapotea. Kwa miaka kadhaa bibi huyo alizunguka nchi na brashi zake, kutoka nyanda za juu mpaka kwetu pwani, akachora zaidi ya picha 500. Nyingine zimo katika makumbusho ya taifa, nyingine zimo Ikulu. Mwaka 1967 zilitoka katika kitabu kikubwa kiitwacho The Peoples of Kenya.

Mwanafunzi wa chuo cha dini akisoma habari hizi, hawezi kukosa kuona jambo moja. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, kumuuliza hali yake. Ibn Abbas alimweleza onyo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na mwisho akamwonyesha njia: ikiwa huna budi, basi chora miti na visivyokuwa na roho. Bibi Joy alianzia hapo, kwenye maua, ambapo hakuna mwanachuoni wa kumnyooshea kidole. Ndipo akahamia kwenye nyuso.

Sasa tuje kwenye kamera.

Tarehe 1 Februari mwaka 1956, George Adamson, mume wake wa tatu, aliyekuwa bwana nyama wa mkoa wa kaskazini, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye ikafahamika kwamba simba yule alikuwa akiwalinda watoto wake. Walikuwa watatu, wote majike, wadogo kabisa. George akawachukua nyumbani. Wawili walipokua kidogo walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wenziwe, alibaki. Joy akamwita Elsa.

Huyu ndiye aliyeifanya kamera ya Joy iwe na maana. Brashi inamtaka anayechorwa atulie. Mzee akiketishwa juu ya kigoda saa nzima ataketi, hasa akiwa ameambiwa na serikali aketi. Mtoto wa simba haketi. Joy aliendelea kumchora Elsa, maana mkono uliozoea kuchora hautulii, lakini kilichoweza kumfuata simba yule mbioni, mtoni na vichakani kilikuwa kamera, yake na ya mumewe. Kitabu chao cha kwanza, Born Free, kilipotoka mwaka 1960, kilisheheni picha hizo. Simba amelala juu ya kitanda cha kambini. Simba amejilaza juu ya paa la gari la Land Rover kama mfalme juu ya kiti. Simba anatembea na mwanamke nyikani kama vile shoga wawili watokao sokoni.

Nimezitazama picha hizo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kwa jicho langu lisilokuwa la kitaalamu, hazina ufundi wa michoro ile. Mara nyingine kivuli kiko pasipo mahali pake, mara nyingine kichaka kimekuwa kikubwa kuliko mnyama. Mtu aliyechora pete ya sikio ya mzee kwa subira ile bila shaka aliyaona hayo. Lakini nadhani hakuyajali, kwa kuwa alipokuwa na kamera alikuwa na shughuli nyingine. Kwa brashi alikusanya mapambo, na kwa kamera alimfuata mmoja. Huyu hakuwa simba wa Kenya, wala mfano wa simba. Alikuwa Elsa, leo amechoka, jana alikuwa na homa, juzi alimwogopa kifaru. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, ni yule yule, mpaka msomaji wa London au Tokyo aliyekuwa hajawahi kumwona simba akawa anaijua sura yake kama anavyoijua sura ya jirani.

Na picha zilikuwa pia ni ushahidi. Joy na George walidai kwamba simba aliyelelewa mikononi mwa watu anaweza kurejeshwa nyikani akajifunza kuwinda, akazaa, na bado akawakumbuka waliomlea. Nani angeliamini hilo kwa maneno matupu? Mwisho wa mwaka 1959 Elsa alizaa watoto watatu huko Meru, na kamera ilikuwapo alipowaleta kambini. Elsa alikufa tarehe 24 Januari 1961 kwa maradhi yaletwayo na kupe. Kaburi lake liko katika mbuga ya Meru, na lina jina lake. Mwaka 1966 ikatoka filamu. Fedha nyingi zilizotokana na vitabu zilikwenda katika kuhifadhi wanyama. Nayasema haya kwa kumfanyia bibi huyo uadilifu, kwani mwisho wake ulikuwa wa kusikitisha: aliuawa huko Shaba mwezi wa Januari 1980, na habari za mwanzo zilidai kwamba aliuawa na simba, ilhali aliyemuua alikuwa binadamu.

Wasomaji wetu wa Lamu watapenda kujua kwamba Elsa alifika kwao. George alisafiri kwenda Kiunga kwa shughuli za kazi yake, wakamchukua simba wao, wakapiga kambi ufukweni karibu na kijiji, kwenye mchanga mweupe ule tuujuao. Simba akaiona Bahari ya Hindi. Mwanzo akayaogopa mawimbi, kisha akayazoea, akawa anaogelea na kucheza pwani. Nilipofika kwenye sehemu hiyo ya kitabu nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Kisha nikajikuta nawatafuta Wabajuni. Nikajiuliza: wavuvi waliomwona simba akikoga pwani yao, wazee waliokaa usiku ule wakizungumza juu ya wazungu waliokuja na mnyama, walikuwa nani? Pwani ni yao, kijiji ni chao. Aliyebaki na jina duniani ni mgeni wao wa miguu minne.

Hapo ndipo swali la binti yangu liliponikaa sawasawa. Mwanamke mmoja, mikono miwili. Mkono wenye brashi ulikwenda kwa watu, ukarudi na makabila. Wapo waliotajwa kwa majina, hasa wenye vyeo, lakini kwa jumla michoro ile ilipangwa kwa kabila, rika na cheo: mzee wa watu fulani, bibi harusi wa watu fulani, mganga wa watu fulani. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya serikali iliyomwajiri, iliyomtazama kila mtu kama kielelezo cha kabila lake. Mkono wenye kamera ulikwenda kwa mnyama, ukarudi na mtu, nikiruhusiwa kusema hivyo.

Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tuna neno la hali hii. Mpokezi akisema, “Nimehadithiwa na mtu mmoja,” bila ya kumtaja, mtu huyo huitwa mubham, na sanadi huingia udhaifu kwa sababu yake, hata kama alikuwa mchamungu kuliko wote waliotajwa. Maimamu walisafiri miezi, kutoka Bukhara hadi Hijazi, kutoka Andalusia hadi Baghdad, kwa ajili ya kulijua jina la mtu, la baba yake, la mji wake na la mwaka aliofariki. Umma huu umelelewa juu ya majina. Sasa hebu fungua albamu iliyo nyumbani kwako, ndugu msomaji, uhesabu mubham wangapi wamo.

Kabla sijafika huko najua wapo watakaoniuliza: Sheikh, leo umeanza kusifia picha? Jawabu ni kwamba mas’ala haya yana ikhtilafu inayojulikana, na mimi sikuja kuimaliza katika kurasa mbili. Kuchora chenye roho kwa mkono, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikuwa wakali juu yake, na anayetaka kuyaona maneno yao na arejee sherehe ya Imam Nawawi juu ya Sahihi Muslim. Ama picha ya kamera, ilipozuka, wanavyuoni waligawanyika. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti’i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala akaona kwamba kamera haiumbi wala haifananishi. Inakizuia kivuli tu, mfano wa kioo kinachoonyesha sura ya mtu, ila hiki hakiiachi ikaondoka. Sheikh Yusuf al-Qaradawi akaifuata rai hiyo. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia hakuikubali, akairuhusu picha kwa dharura kama vile kitambulisho. Wote ni wanavyuoni, na kila mmoja ana dalili zake.

Hata hivyo, nilipozitazama kazi mbili za Bibi Joy, niliuona msingi wa Sheikh Bakhit kwa macho yangu. Mchoro wa mzee ulipita katika kichwa cha mchoraji: yeye aliamua ushanga upi uonekane, uso uwe mkali au mpole, mzee awe nani. Kile kivuli cha Elsa kilichozuiliwa kikaacha nafasi kwa Elsa mwenyewe. Simaanishi kwamba kamera haidanganyi. Pale Lamu marehemu Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio yake tangu miaka ya 1960 na akafariki mwaka 1993, alikuwa akizikata picha na kuzibandika upya kwa ustadi wa ajabu, mpaka wataalamu kutoka Ujerumani wakaja kumsoma. Mkasi nao ni brashi. Lakini kwa kawaida kamera huanza na mtu aliyekuwapo.

Sasa nitasema nililolichelewesha, kwa kuwa ni zito kulisema mbele ya watu wanaonifahamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka chuoni, nimehifadhi mambo mengi na sijaelewa yote. Nilisoma hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha, nikarudi nyumbani kwetu nikaitazama sebule. Ukutani palikuwa na picha mbili tu, za kamera. Ndani ya kabati palikuwa na albamu moja yenye jalada jekundu. Nikamwendea mama yangu, nikamsomea. Sikumkemea, Alhamdulillahi, lakini nilimsomea kwa sauti ya mtu ambaye hatarajii kujibiwa. Mama hakunijibu. Alizitoa zile za ukutani, akaichukua albamu, akaenda uani kwenye seredani iliyokuwa na makaa ya kupikia, akaketi juu ya kigoda akazitia moja moja. Nilisimama mlangoni. Nilidhani yale machozi ni ya moshi.

Miongoni mwa picha zile ilikuwamo ya mama yake, nyanya yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ilikuwa ndiyo pekee.

Aliyenisomesha, Mola amrehemu, nilipompelekea habari hii miaka mingi baadaye, aliniuliza kwa upole: je, hadithi ya Abu Talha, yenye kutoa ruhusa kwa alama iliyo katika nguo, uliisoma siku ile? Na ya pazia la Bibi Aisha, lililokatwa likafanywa mito, uliisoma? Na tofauti ya wanavyuoni juu ya kamera, ulimwambia mama? Nikasema hapana. Akanyamaza. Nilikuwa nimemchukulia mama yangu rai moja tu, nikamletea kama kwamba hakuna nyingine, katika jambo ambalo angeweza kuiweka picha ile sandukuni, isitundikwe, isitukuzwe, imalize umri wake kimya kimya.

Mimi hadi leo situndiki picha ukutani kwangu, na simlazimishi mtu. Lakini mwaka jana mama, ambaye umri wake umepita miaka 80 na macho yamefifia, aliniambia asubuhi moja, nikimmiminia chai, bila ya lawama yoyote: “Mwanangu, uso wa mama umeanza kunipotea. Sauti ninayo, harufu ya udi wake ninayo. Uso ndio unaokwenda.”

Ndiyo sababu swali la mtoto kule Museum Hill lilinichoma. Alipokosa jawabu langu juu ya yule wa ukutani, aliuliza la pili: “Na nyanya wa kwetu, mama yake nyanya, alikuwa na sura gani?”

Nimezungumza na jamaa kadhaa tangu hapo, na nimeona kwamba hatari iliyopo majumbani mwetu leo si ya moto wa seredani. Leo tuna picha elfu tano ndani ya simu moja, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Kijana anampiga babu yake picha siku ya Idi, simu inaibiwa Shawwal haijakwisha. Picha za studio za zamani za Mombasa, za Lamu na za Unguja zimo ndani ya makopo ya biskuti na chini ya leso, na wenye kuzijua wanaondoka mmoja baada ya mmoja. Mnalotakiwa ni jambo jepesi sana: kalamu ya risasi, si ya wino maana wino hupenya, na jioni moja pamoja na mzee wenu. Mwandikeni nyuma, jina lake na la baba yake, mtaa, na mwaka kama anaukumbuka. Mkiwa na picha za simu, chapisheni chache mzifanyie hivyo hivyo.

Na katika kufanya hivyo msivuke mpaka. Wale waliochorwa na Bibi Joy walikaa mbele ya mgeni mwenye idhini ya dola. Mtu wa kawaida zama zile angelikataa vipi? Sisi hatuna udhuru huo. Nimeletewa mashtaka si mara moja, picha za wanawake zilizopigwa katika shughuli zao, wamejipamba na wamejiachia kwa kuaminiana, zikazunguka katika simu za wanaume wasiowahusu. Picha ya mwanamke ni amana yake, akiwa hai au amekufa. Anayeirusha bila ya idhini yake asiseme ametuma picha tu. Jina tunalitaka lihifadhiwe ndani ya familia, na uso ubaki katika sitara yake. Hayo mawili hayagongani.

Baada ya kurudi Nairobi, familia yetu ilikuwa ikipanga vitu vya shangazi yangu, dada yake baba, aliyefariki Rajab iliyopita. Chini ya sanduku lake la mvule, ndani ya bahasha ya posta, mke wangu akakuta picha moja ya studio. Wanawake wanne wameketi juu ya benchi refu, nyuma yao pazia lililochorwa minazi na jahazi. Tulimpelekea mama, tukamwekea kioo cha kukuzia. Wa kwanza kutoka kushoto ni shangazi mwenyewe, akiwa msichana. Wa pili ni jirani yao wa Mji wa Kale, na jina lake mama analo. Wa tatu ni mama yangu. Amevaa miwani isiyo yake, ya kuazima studio, akacheka sana alipoiona.

Wa nne ameugeuza uso kidogo, kama aliyeitwa na mtu wakati kamera inafyatuka. Ni mtu mzima kuliko wenziwe. Jumatatu mama alisema, “Huyu ni mama.” Alkhamisi akasema, “Hapana, mama hakuwa na mkufu huu; huyu ni somo yake aliyemleta mjini kutoka Siyu.” Ijumaa alinyamaza muda mrefu, akaomba aachiwe picha alale nayo.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji, hasa kina mama na nyanya wa Mji wa Kale na jamaa zetu wa Siyu na Pate. Picha inakisiwa kuwa ya mwisho wa miaka ya 1950. Mwanamke huyo amevaa leso yenye maua makubwa, masikioni ana vipuli vitatu vitatu, na mkufu wake una duara la fedha mfano wa riale. Picha yenyewe haitachapishwa humu. Mwanamke anayedhani anaweza kumtambua awasiliane na mhariri, naye atamwelekeza nyumbani kwetu. Mke wangu na binti yangu watamwonyesha, baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Kalamu ya risasi imekwisha kuchongwa, na nyuma ya picha pameachwa nafasi ya mstari mmoja.